Mwanzi, mshipi wa mkono au fimbo ya riili: uchague kipi kwa samaki wa ziwani na mabwawani

Mtu akitaka kuanza kuvua kwa ndoano, swali lake la kwanza huwa ni anunue nini. Mimi humrudishia maswali mawili: unamtaka samaki gani, na utakuwa umesimama wapi ukimvua? Watu wengi huanzia dukani, wakaishia na fimbo nzuri inayong'aa isiyofaa kabisa mahali wanapovulia. Hapa ninalinganisha zana tatu ambazo zimo mikononi mwa watu kuanzia Mwanza, Musoma na Kisumu hadi kwenye mabwawa ya bara kama Mtera na Nyumba ya Mungu. Nyavu na mitego siigusi, kwa sababu hizo ni kazi nyingine, na zina sheria zake.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kwa anayevua sato au perege akiwa amesimama ufukweni, mwanzi unaishinda fimbo ya riili (yenye gurudumu la kukunjia uzi), tena kwa mbali. Anayevua kutoka kwenye mtumbwi ashike mshipi wa mkono. Riili inastahili fedha yake pale tu samaki anapokuwa mbali au anapokuwa mkubwa kuliko nguvu za mkono wako.

Mjue samaki kabla ya kufungua pochi

Sato ni samaki wa mchana. Hula karibu na ufukwe, kandokando ya matete, juu ya mchanga na tope laini, na chakula chake ni mwani, wadudu wa majini na mabaki ya mimea. Mdomo wake ni mdogo na hana pupa: anaidonoa ndoano, anaitema, anazunguka, anarudi. Sato tunayemjua leo Ziwa Viktoria aliletwa humo miaka ya 1950. Kwenye mabwawa ya bara, perege wa aina mbalimbali wana tabia zinazokaribiana sana na zake, kwa hiyo nikisema sato humu, mvuvi wa perege naye asikie.

Dume huchimba kiota cha duara kwenye maji ya kina kifupi na kukilinda. Jike huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo mpaka watoto waweze kujitegemea. Ukimvua jike wa namna hiyo utaona kidevu kimevimba, na ukimshika vitoto vinaanza kumtoka mdomoni, vidogo kama punje za mtama wenye macho, vikidondoka kwenye kiganja. Mrudishe majini upesi. Waliobaki mdomoni bado wana nafasi ya kuishi, na nyie wa ufukwe huo mtawakuta msimu ujao.

Kambale ni wa usiku na wa maji machafu. Hategemei macho, ananusa, na anapapasa kwa sharubu. Ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, ndiyo maana anaishi hata kwenye vidimbwi vya tope ambamo samaki wengine wangekufa. Mvua kubwa za mwanzo zikishuka, kambale hupanda vijito na kuingia kwenye mbuga zilizofurika ili kutaga. Wakati huo huhitaji zana ya bei, unahitaji kujua kijito kinaingilia wapi.

Sangara ni mwindaji. Aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Akiwa mdogo hula uduvi na samaki wadogo karibu na ufukwe. Akikua hula furu (vijisamaki vya ziwani), dagaa, hata sangara wenzake. Rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 104.32, Ziwa Nasser nchini Misri, mwaka 2000. Huyo ni mzito kuliko watu wengi wazima. Sisi wa ufukweni hukutana zaidi na wa kilo moja mbili, lakini hata huyo akianza kutikisa kichwa utajua kwamba hujamshika sato.

Wapo na wengine watakaokuja bila kuitwa. Gogogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, anayoisimamisha na kuikaza. Usimshike kwa kiganja kitupu. Kamongo ana taya zinazoweza kuondoa kipande cha kidole. Huyo mtoe ndoano kwa koleo, au kata uzi.

Mwanzi

Mwanzi ni mti wa mita tatu hadi tano, uzi, chelezo (kile kinachoelea juu ya maji), chubwi dogo la risasi (uzito wa kuzamisha ndoano) na ndoano moja. Basi. Kwa kuwa ni rahisi, watu huudharau na kuuona wa watoto. Hawajaangalia unavyofanya kazi.

Sato yuko pembeni mwa matete, mara nyingi hatua chache tu kutoka ulipo. Ukiwa na mwanzi, unaishusha ndoano wima kwenye uwazi mdogo kati ya matete mawili, bila kishindo, na inakaa hapohapo. Ukiwa na riili unalazimika kurusha, chubwi linapiga maji, samaki wanatawanyika, kisha uzi unalala juu ya maji na upepo unauburuta pamoja na chelezo mpaka kwenye majani. Sato akidonoa, mwenye riili ana mita nyingi za uzi uliolegea za kukaza kwanza. Mwenye mwanzi ana uzi mfupi uliosimama, na akiinua kiganja tu ndoano imeshashika.

Kutengeneza ni hivi. Kata mwanzi uliokomaa, si mchanga wenye maji. Uanike kivulini, umelazwa mahali palipo sawa. Ukikaa juani unapasuka. Ukikauka, pitisha sehemu zilizopinda juu ya makaa na uzinyooshe taratibu zikiwa za moto. Uzi usiufunge nchani peke yake. Ufunge kwanza katikati ya mwanzi, uuzungushe ukipanda mpaka nchani, ufunge tena pale. Siku ncha ikivunjika na samaki mkubwa yuko kwenye ndoano, uzi unabaki umeshikwa na sehemu nene. Urefu wa uzi uwe sawa na mwanzi au upungue shubiri moja, ili ukisimamisha mwanzi ndoano ikufikie mkononi.

Chelezo kiwe chembamba na chepesi. Unyoya mgumu, kijiti cha tete kavu au kipande cha ndala vyote vinafaa, mradi ukitie chubwi la kutosha kukizamisha karibu chote, ibaki ncha tu. Chelezo kinene kinamshtua sato, kwa sababu akikivuta kinamvuta na yeye. Na usisubiri kizame. Kwa sato, dalili mara nyingi ni chelezo kutembea kidogo pembeni, au kuinuka na kulala kwa sababu samaki ameinua chubwi. Hapo ndipo pa kuinua.

Kina nacho kipimwe, kisikisiwe. Tundika chubwi zito kwenye ndoano, shusha, sogeza chelezo juu au chini mpaka ncha yake ionekane kidogo tu. Sasa unajua ardhi iko wapi. Ondoa chubwi hilo na uanze na chambo kikiwa upana wa kiganja juu ya ardhi.

Udhaifu wa mwanzi ni umbali, na samaki mkubwa. Anayezidi kilo mbili anaanza kukupa mtihani. Usimwinue juu kama unayechota maji. Acha mwanzi upinde, mwongoze pembeni mbali na matete, umchoshe, kisha umlaze kwenye mchanga au kwenye kiwavu cha mkono.

Mshipi wa mkono

Mshipi ni uzi uliozungushiwa kipande cha ubao, kigogo au chupa, wenye chubwi na ndoano moja au mbili. Kwenye mtumbwi hauna mpinzani. Unashuka wima, hauchukui nafasi, haugongi kichwa cha mwenzako, na kidole chako cha shahada kinasikia kila kitu: mchanga, jiwe, jani, gogogo anayegugunaguguna, na pigo la sangara. Hakuna fimbo inayosikia kama kidole.

Ufukweni mshipi unafaa zaidi usiku, kwa kambale. Unazungusha chubwi, unaliachia, unatandaza, unafunga mwisho wa uzi kwenye mti uliokita na kukaa kimya. Hakikisha hakuna mtu nyuma yako unapozungusha, ndoano haichagui.

Kosa baya la mshipi ni kuuzungushia mkononi. Uzi wa nailoni ukivutwa na samaki wa kilo kumi unaingia kwenye nyama, na wewe uko ndani ya mtumbwi unaoyumba. Uupitishe juu ya vidole, usiuzungushe. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, uvae kwenye kidole cha shahada kama pete pana. Hicho ndicho kinachobeba msuguano. Uzi unaovuta uuangushe kwa mizunguko ndani ya beseni lililolowa, usiuache miguuni, kwa kuwa sangara akiamua kurudi chini ataondoka nao, pamoja na chochote ulichoukanyagia.

Kwa mshipi wewe ndiye breki. Samaki akikimbia unaachia kwa kubana na kulegeza, akitulia unavuta kwa mkono mmoja baada ya mwingine bila kusita. Hilo hujifunza kwa mtu, na wavuvi wazoefu wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wanafundisha vizuri kuliko maandishi yangu. Ukimpata mzee aliye tayari kukupakia, mwamkie kwa heshima yake, chukua kasia, na uangalie mikono yake tu.

Fimbo ya riili

Riili ina mambo matatu ambayo zana nyingine hazina: inakufikisha mbali, ina breki, na inakuruhusu kutumia chambo bandia kinachoogelea. Kama huhitaji hata moja kati ya matatu hayo kwa samaki unayemtaka, huna sababu ya kuinunua.

Umbali una maana pale penye mteremko wa ghafla wa kina usioweza kuufikia ukiwa nchi kavu, au kwenye ukuta wa bwawa ambako maji ya karibu ni mafupi. Breki ina maana kwa sangara na kambale mkubwa. Iweke iachie uzi kwenye robo au theluthi ya uwezo wa uzi wako: uzi wa kilo 12, breki iachie kwenye kilo tatu hadi nne. Funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza na uvute, uone. Wengi hukaza mpaka mwisho kwa kudhani wanajiongezea nguvu, uzi unakatika samaki wa kwanza akipiga mkia.

Dukani usiangalie rangi. Shika mpini wa riili uusukume mbele na nyuma. Ukicheza sana, utacheza zaidi baada ya mwezi. Legeza breki nusu na uvute uzi kwa mkono: utoke kwa ulaini, usitoke kwa kushtukashtuka. Kushtuka huko ndiko kunakokata nyuzi. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa nyuzinyuzi zake, pete ina ufa na itasaga uzi wako. Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.7 inatosha kwa shughuli nyingi za ufukweni.

Riili za bei ya chini kabisa, zile zinazouzwa pamoja na fimbo, uzi na kasha kwa mkupuo, zina breki ya plastiki isiyohimili. Kwa fedha hiyohiyo ningenunua uzi mzuri, ndoano nzuri, na nikate mwanzi.

Hivi ndivyo ninavyoziweka pembeni kwa pembeni:

| | Mwanzi | Mshipi | Riili |
|---|---|---|---|
| Samaki | sato, perege, ningu | kambale, sangara chini ya mtumbwi | sangara, kambale wakubwa |
| Mahali | pembeni mwa matete, gati, kijito | mtumbwini. Ufukwe wazi usiku | miamba, ukuta wa bwawa, boti |
| Unafika | urefu wa mwanzi na uzi wake | kina chochote ukiwa juu yake | mita 30 na zaidi |
| Gharama | karibu bure | ndogo | kubwa, na matunzo juu yake |
| Hatari yake | samaki mkubwa | mikono yako | vyuma kuliwa na kutu, uzi kujifunga |

Uzi na ndoano

Hapa ndipo fedha ziende. Nailoni ya kawaida inanyumbulika, inavumilia kusuguana na mawe, ni rahisi, na haionekani sana majini. Uzi wa kusuka ni mwembamba kwa nguvu ileile, haunyumbuliki, unasikia pigo la mbali; lakini ukigusa jiwe lenye makali unakatika, na kwenye mshipi wa mkono unakata ngozi vibaya mno. Kwa mwanzi na mshipi, nailoni bila mjadala. Kwa riili, uzi wa kusuka una faida mahali pasipo na miamba, nao uufungie mbele kipande cha nailoni nene.

Kipande hicho cha mbele ni cha lazima kwa sangara. Meno yake si ya kukata, ni kama msasa, lakini yanausaga uzi mwembamba mpaka unaachia, na vifuniko vya matamvua yake vina makali. Nailoni ya milimita 0.8 hadi 1.0, urefu wa mita moja, inatosha. Kwa sato, milimita 0.20 hadi 0.25, ukizidisha unene hapo, anasita.

Ndoano namba zake zinawachanganya watu. Kuanzia namba 1 kwenda 10, namba ikikua ndoano inapungua. Zikishafika 1/0, 2/0 na kuendelea, namba ikikua ndoano nayo inakua. Sato apewe namba 8 hadi 10, kambale 1/0 hadi 4/0, sangara 5/0 na zaidi kulingana na chambo. Ndoano ndogo yenye ncha kali ina samaki wengi kuliko kubwa butu. Ijaribu kwenye ukucha wa gumba: ikiteleza inoe au itupe, iking'ang'ania inafaa.

Ukitega chambo cha kambale na kukiacha, ndoano ya duara, ambayo ncha yake imegeukia ndani, ni bora kuliko ya kawaida. Samaki akiondoka nayo inateleza na kushika pembe ya mdomo badala ya kuzama tumboni. Sharti ni moja: usiikupue. Vuta taratibu uzi ukaze wenyewe. Ukikupua, unaitoa mdomoni.

Chambo

Nyungunyungu ndiye wa kwanza na wa mwisho kwa anayeanza, kwa kuwa karibu kila samaki humla. Lakini kwa sababu hiyohiyo utapata vifuru na vitoto vya samaki vingi kuliko sato. Ukitaka kuwachuja, hamia kwenye donge la ugali uliosongwa ukawa mgumu, ukubwa wa punje ya hindi. Samaki wadogo hawaliwezi haraka, sato analitaka. Ubaya wake unayeyuka. Changanya unga wa ngano kidogo likamatane. Mahali penye mwani mwingi, kijinyuzi cha mwani chenyewe kilichoviringishwa kwenye ndoano kinaweza kuvishinda vyote viwili.

Kuita samaki kunasaidia sana na hakugharimu kitu. Lowanisha pumba za mahindi na mashudu kidogo, tengeneza madonge, tupa mawili matatu mahali utakapovulia kabla hujatandaza uzi. Kidogo kidogo. Ukimwaga ndoo nzima watashiba.

Kambale anataka harufu: utumbo wa kuku, maini, samaki aliyeanza kunuka. Sangara anataka kitu kinachotikisika. Wavuvi wa mishipi mirefu Ziwa Viktoria hutumia sana kambale wadogo walio hai, na sababu inaeleweka, kwani kambale anastahimili kukaa kwenye ndoano muda mrefu kuliko samaki wengine wadogo. Ukimtoboa, mtoboe nyuma ya pezi la mgongo kwenye nyama ya juu, usiguse uti, aendelee kuogelea. Chambo bandia ni cha mwenye riili. Kile chenye umbo la samaki kinachozama mita mbili tatu, kikiburutwa taratibu nyuma ya boti kando ya miamba, ndicho cha kwanza kununua.

Kuwatafuta

Zana yoyote utakayochagua haina maana mahali pasipo na samaki, na ziwa kubwa lina sehemu nyingi tupu. Ziwa Viktoria lina karibu kilomita za mraba 68,800. Samaki wako kwenye mipaka ya vitu, si katikati ya vitu. Tafuta pale matete yanapoishia na maji wazi yanapoanza, mchanga unapokutana na mawe, kijito kinapoingia, maji ya rangi ya chai yanapogusana na maji safi. Rasi ya mawe inayoingia ziwani ni mahali pa sangara asubuhi na jioni, kwa kuwa samaki wadogo hujibanza kwenye mawe na mwindaji hupita nje.

Upepo watu huukimbia, na mimi nauheshimu. Ukivuma kuelekea ufukwe mmoja kwa saa kadhaa, unasukuma mwani na vijidudu upande huo, sato wanafuata, na sangara wanawafuata walao mwani. Upande uliotulia ni mzuri kwako kukaa, si lazima uwe mzuri kwa kuvua. Kama mawimbi hayajachafua maji kupita kiasi, simama upande unaopigwa.

Ndege wanasema kweli. Mdiria akiruka mahali pamoja hewani na kujitupa, chini yake wapo samaki wadogo karibu na uso wa maji. Mnandi wakizama kwa kundi wakisogea upande mmoja, kuna kundi la samaki linalosogea upande huo. Tazama pia mapovu madogo yanayopanda kwa mstari juu ya tope. Mara nyingi kuna samaki anayechimba chini. Na matete yanayotikisika bila upepo usiyapuuze, ingawa kabla ya kusogea hakikisha si mamba wala kiboko.

Magugumaji nayo yana pande mbili. Chini ya utando mzito hewa ya majini hupungua na sato huhama, ila kambale na kamongo hawajali. Pembeni mwa utando uliotawanyika, palipo na kivuli na wadudu, sato hupatikana. Vua ukingo, usivue katikati.

Mtera ni hadithi yake. Bwawa lile lilizamisha miti, na mingi ingali imesimama mifupa ndani ya maji. Perege na kambale hukaa kwenye miti hiyo, na ndoano nazo hukaa humo. Hapo mwanzi unashinda tena, maana unashusha na kuinua wima kando ya shina. Mwenye riili atakayeburuta chambo bandia kati ya mashina hayo atarudi na kasha tupu.

Saa: sato kuanzia jua likishachomoza vizuri hadi kabla ya adhuhuri, na tena alasiri jua likipoa. Sangara alfajiri, magharibi na usiku. Kambale giza likiingia, au wakati wowote maji yakiwa rangi ya udongo baada ya mvua.

Kabla hujatupa ndoano

Pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya au viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa mwalo husika uulize leseni na maeneo yaliyofungwa. Kuna mazalia ambayo hairuhusiwi kuvua hata kwa ndoano. Ziwa Viktoria, sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi. Piga alama hizo mbili kwa kisu kwenye mwanzi au ukingo wa mtumbwi, upime bila kubahatisha. Usiingie majini kwenye matete: kichocho kinaishi humo pamoja na konokono wanaokibeba. Mtumbwini vaa jaketi okozi, hata kama wenzako wote hawana. Dhoruba za Ziwa Viktoria huja ghafla.

Wewe ni yupi?

Kama unaishi karibu na ufukwe na unataka kitoweo cha nyumbani jioni, kata mianzi miwili, mmoja wa mita tatu kwa vijito na mmoja wa mita tano kwa ziwani, nunua nailoni nzuri na pakiti moja ya ndoano namba 8. Mtoto naye apewe huohuo mfupi, na ndoano yake ibanwe kile kijimwiba cha ndani kwa koleo, ili ikimchoma itoke bila kwenda zahanati.

Kama una ndugu au jirani mwenye mtumbwi, nunua mshipi wa mita mia wa nailoni ya milimita 0.7 au 0.8, chubwi tatu za uzito tofauti, na tyubu ya baiskeli. Uingie naye majini kwanza, mengine yatafuata.

Kama unavulia kwenye ukuta wa bwawa au kwenye majabali ya Mwanza, na umeona kwa macho yako kwamba samaki wako mbali kuliko mwanzi unavyofika, hapo nunua riili, moja nzuri badala ya mbili dhaifu. Ioshe kwa maji safi kila ukirudi, uifute, breki uilegeze kabla ya kuiweka ili vishikio vyake visibanwe usiku kucha.

Na kama unapanga safari ya kumfuata sangara mkubwa kwa boti, iwe Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo au Murchison Falls kule Uganda, uliza mapema kama wenyeji wako wana fimbo za kukodisha, maana mara nyingi zao zimechaguliwa kwa maji yale. Wewe beba ndoano zako ulizozipima kwenye ukucha, nailoni nene ya mbele, koleo refu, na glavu za kumshikia taya ya chini unapomtoa ndoano.